Mkasi wa Wifi

"Hivi jirani, hicho kikombe ni kizito, au mwanao ndiye anayekiogopa?"

Jirani yangu wa ukuta mmoja aliniuliza hivyo tukiwa barazani. Binti yangu alikuwa amekishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama mtoto anayejifunza kunywa. Jirani alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeona mengine. Vifungo vya blauzi vilikuwa vinamshinda, na alfajiri nikiamka kusali namkuta ameketi kitandani anakung'uta mkono wa kulia kama anayekung'uta maji.

Tunamwita Twiga kwa urefu wake. Anakata vitambaa kwenye karakana ya ushonaji ya shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu. Wengine pale hushona, wengine hupiga pasi. Yeye ni mkasi tu, asubuhi hadi jioni, kwenye meza iliyochongwa kwa kimo cha wifi, na wifi ni mfupi. Mkasi wenyewe ni mzito, wifi aliachiwa na baba yake. Haruhusu unolewe, ati wanoaji watakula chuma cha baba yake. Basi mwanangu akikata khaki tabaka juu ya tabaka, hakati, anatafuna.

Nikampeleka zahanati. Muuguzi alimgonga kidogo kwenye kifundo cha mkono, Twiga akaruka.

"Mshipa wa fahamu umebanwa hapa. Na hiki kitambaa nani kakufunga?"

"Shangazi. Ili maumivu yasipande."

Muuguzi alikifungua huku akiguna. Akasema mkono upumzike kwanza. Akirudi kazini, meza iinuliwe, mkasi unolewe, tabaka zipungue, abadilishane kazi na wenzake, wala asingoje ganzi ndipo anyooshe vidole. "Akiendelea hivi, mama, vidole vitasahau kazi. Na vingine havikumbuki tena."

Kesho yake Twiga alitangulia kwenda kuomba ruhusa. Mimi nikatia matofali manne kwenye ndoo, nikamfuata.

"Wifi, umekuja kunijengea?" aliniuliza shangazi yake, akiitazama ndoo. Cherehani zilinyamaza.

"Nimekuja kuinua meza. Na mkasi huu leo unanolewa, mtoto apumzike."

"Usinitie aibu mbele ya mafundi wangu. Huyu ana mkono wa dhahabu, kazi inamkomaza tu. Mvumilivu hula mbivu."

"Hiyo mbivu ataila kwa mkono upi?"

Fundi mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Kelele nyingi kwa ganzi kidogo!" wifi alisema.

Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tangu niwe mjane namwomba Mungu subira, naye hunipa. Siku ile nadhani alinipa kitu kingine. Niliuchukua ule mkasi nikaubwaga mbele yake.

"Kata wewe. Mara moja tu."

"Mimi nimeshamwachia mtoto."

"Kata, wifi!"

Mafundi wote walikuwa wanatazama. Akatia kidole gumba, akabana. Kidole kilitetemeka, hakikufunga. Mkasi ulimponyoka ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Ndipo nikakumbuka: wifi naye hunywa chai kwa viganja viwili. Miaka yote nilidhani ni maringo.

"Ulijua," nikamwambia, sauti ikinitoka kama si yangu. "Ulijua mkasi huu unafanya nini, ndiyo maana ukamtwika mwanangu! Mungu hakumpa mikono ya akiba!"

"Mimi nilivumilia!" alifoka, machozi yakimlenga. "Mimi nani aliniletea matofali? Na yeye avumilie!"

Twiga alikuwa amesimama nyuma ya meza ile fupi. Alimtazama shangazi yake, kisha akautazama mkono wake mwenyewe. Akavua utepe wa kupimia shingoni, kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya khaki. Akauruka mkasi pale sakafuni, akatoka.