Bobi Alikuwa Amechanjwa

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda Kilema, mlimani Kilimanjaro, na mizani zao, wezi nao walipanda nyuma yao. Zamani kahawa yote ilikwenda chama cha ushirika, na kila mtu alijua shamba la nani limetoa nini. Sasa mnunuzi hakuuliza gunia limetoka wapi. Watu waliamka na kukuta mibuni imekwanguliwa, matawi yamevunjwa. Ndipo kila kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, kikataka mbwa mkali.

Hilaria, mjane aliyekuwa akiishi na ng'ombe wake mmoja, mbuzi na paka, alimfuga Bobi. Shemeji yake Kornel, mdogo wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa kitongoji, alimfuga Kamanda, dume jeusi alilolitoa Moshi mjini na kulisifia katika kila kilabu cha mbege, pombe ya ndizi.

Padre alipotangaza kanisani kwamba bwana mifugo atakuja sokoni kuchanja mbwa na paka dhidi ya kichaa, Hilaria alimtia paka kikapuni, akamfunga Bobi kamba ya katani. Bobi hakuwahi kuonja kamba shingoni. Alijikita miguu kama punda, akaburutwa hadi kwa Kornel.

"Shemeji, mtoe Kamanda twende wote."

Kornel alicheka. "Mbwa akichomwa sindano anapoa kama kondoo. Wezi wakija atawalamba miguu. Nenda wewe, shemeji, mimi nina kahawa ya kulinda."

Hilaria akaenda. Alirudi na mikwaruzo ya paka mikono yote miwili, Bobi akiwa na utepe mwekundu shingoni, na vyeti viwili ambavyo alivichomeka nyuma ya picha ya Bikira Maria.

Mvua za masika zilipokatika, mbwa asiyejulikana alipanda kutoka tambarare, udenda ukimtoka, akapigana na kila mbwa aliyemkuta. Vijana walimuua kwa mawe karibu na mfereji, lakini Hilaria alikuwa ameshamwona akiling'ata sikio la Kamanda. Alikwenda kumwambia Kornel siku ileile.

"Mfunge, shemeji. Afadhali hata umuue."

"Unamwonea wivu mbwa wangu?" Kornel alimjibu. "Kile ni kidonda cha mwiba."

Baada ya wiki kadhaa mke wa Kornel, Margareta, hakuonekana kisimani. Hilaria alimfuata nyumbani, akamkuta ameketi jikoni, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa mafuta na tumbaku.

"Ni waya wa uzio," Margareta alisema kabla hajaulizwa.

Hilaria alikifungua kitambaa. Waya hauna meno ya juu na ya chini. Margareta akaanza kulia. Kamanda alimrukia jana yake alipokuwa akimletea ng'ombe majani. Kornel alikuwa amemfungia mbwa bandani na kumkataza mkewe kusema, maana watu wangemcheka mwenyekiti aliyedharau sindano.

"Ukisema, ataniua."

"Usiposema, utakufa bila yeye kunyanyua kidole."

Hilaria aliuosha mkono ule kwa sabuni ya mche na maji mengi mpaka Margareta akapiga kelele. Kisha akamshika, wakashuka Moshi hospitalini. Dawa haikuwepo, wakaelekezwa duka la dawa mjini. Hilaria aliuza mbuzi wake, na kila tarehe ya sindano alikuwa yeye anayemsindikiza. Kamanda alikufa bandani, kinywa kikiwa na povu. Margareta akapona.

Siri haikufichika. Watu walipoanza kunong'ona kilabuni kwamba Kamanda amekufa kwa kichaa, Kornel aliitisha mkutano. Alisimama na koti lake la Jumapili, sauti nzito kama ya mtu aliyefiwa.

"Ndugu zangu, kichaa kimeingia hata nyumbani kwangu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mbwa wote wa kitongoji hiki wauawe. Mgambo ameshakuja na bunduki."

Watu walipiga makofi. Hilaria alisimama.

"Aliyechanjwa haugui hivyo. Bobi amechanjwa, cheti ninacho. Bwana mifugo ndiye aliyesema wachanjwe, hakusema wauawe."

"Risasi haisomi cheti," Kornel alijibu, watu wakacheka.

Hilaria akamtazama Margareta aliyekuwa ameketi mstari wa mbele. Neno lake yeye wangeliita wivu, lakini alijua neno moja kutoka kwa mama huyu lingetosha: kwamba aliyeuma alikuwa Kamanda, aliyenyimwa sindano kwa kiburi. Margareta aliinamisha kichwa, akavuta kanga ikafunika kovu.

Wanaume wa kitongoji na mgambo walianzia kwa Hilaria. Bobi aliwajua, akaja akitikisa mkia.

Baada ya siku hiyo watu walimsifu mwenyekiti kwa uamuzi wake, ingawa msimu huo, bila mbwa wa kubweka, wezi walivuna walivyopenda. Jioni moja Margareta alikuja na jani la sale lililofungwa fundo, lile ambalo Mchagga akiletewa kuombwa msamaha hawezi kulikataa.

"Kornel amenituma," alisema. "Na mimi pia naomba. Ningesema nini, dada? Ni mume wangu."

Hilaria alikuwa akikata migomba ya ng'ombe. Hakuacha.

"Nilikushika mkono nikakupeleka mjini. Wewe nilikuomba nini? Ungenyanyua huo mkono tu watu wauone."

"Pokea sale, dada. Usinirudishe nalo."

"Mwambie aliyelikata alilete mwenyewe."

Margareta alisimama hadi giza likaanza kuingia migombani, kisha akaondoka na jani lake. Kornel hakuja. Jumapili wanawake wale wawili waliendelea kukaa benchi moja kanisani, kwa kuwa ndilo benchi la ukoo, na padre aliposema watakiane amani, Hilaria alimgeukia mtu wa upande wa pili.