Tai ya Vidole Kumi

Katika karakana yetu ya pamoja, fundi aliyetufundisha msumeno wa umeme tulimwita Vidole Kumi, kwa kuwa alijivunia kubaki navyo vyote. Kila somo alisema, "Chochote kinachoning'inia, vua! Mashine haina macho."

Siku moja alikuja amevaa tai mpya nyekundu shingoni, akitoka kupiga picha ya kitambulisho. Akainamia meza ya msumeno kutuonyesha kazi, ncha ya tai ikilamba meno ya mashine.

Mwanafunzi mwenzetu, mkunga mstaafu, alichomoa plagi ukutani kimyakimya. Fundi akabonyeza swichi, mashine haikuwaka. Alipoinama zaidi achungulie, mkunga akatoa mkasi mfukoni, kacha! Nusu ya tai ikaangukia vumbi la mbao.

"Mama! Tai yangu!"

"Pole, mwanangu. Nimekata vitovu vya watoto wengi, hakuna aliyepiga kelele kama wewe."

Tulishika mbavu. Fundi alinuna, akaukodolea macho ule msumeno, kisha akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Tangu wiki hiyo mkunga ndiye anayetukagua mlangoni, na wa kwanza kwenye foleni ni fundi mwenyewe, kola wazi, mikono ya shati kaikunja hadi viwikoni.