Picha Alizopiga Mama Bila Kujua

Simu yangu ya zamani ilikuwa imefikia mahali pa kunitia aibu. Mtu anapiga kuagiza chakula cha msibani, mimi nabonyeza kupokea, simu inaganda, mtu anakata na kwenda kuagiza kwa jirani. Siku hiyo nikasema sasa basi. Nikawaachia wasichana wangu kibanda cha chakula pale Mkata, nikapanda basi la Korogwe, moja kwa moja mpaka dukani kwa Tejal kununua mpya.

Tejal tumejuana muda mrefu. Baba yake, mzee Dhaval, ndiye aliyeniuzia redio yangu ya kwanza, na duka ni lile lile, ila siku hizi redio zimesogezwa pembeni na simu zimekaa mbele. Mafundi simu wapo hata Mkata, tena wengi, lakini mimi simpi mtu simu yangu akaingia nayo nyuma ya pazia. Tejal anaziweka zote mbili, ya zamani na mpya, juu ya meza ya kioo, mbele ya macho yako, na kila anachobonyeza unakiona.

“Mama Muhsin, tunahamisha nini na nini?” akaniuliza.

“Kila kitu. Usiniachie hata jina moja.”

“Na WhatsApp?”

“Hiyo ndiyo usiiguse vibaya kabisa. Kikoba chetu cha akiba kimo humo, na kamati mbili za harusi.”

Akacheka, akazilaza ile ya zamani na ile mpya ubavu kwa ubavu, zikaanza kupeana vitu zenyewe. Majina yakahama. WhatsApp ikahama na maneno yake yote, hata yale ya kugombana. Ile ya zamani ikapata joto kama sahani ya ugali, nikahofia itazimika katikati, lakini ilijikaza mpaka mwisho. Halafu ile mpya ikauliza kitu, Tejal akanisomea.

“Inasema kwenye email yako kuna picha nyingine nyingi ambazo hazimo kwenye simu ya zamani. Nizishushe?”

“Picha gani tena?”

“Sijui. Email ni yako.”

“Kama ni yangu, shusha. Changu sikiachi.”

Hapa lazima nieleze habari ya hiyo email, na atakayecheka acheke. Kwetu sisi email ni kama kinu, kimoja kinatosha nyumba tatu. Nilipomnunulia mama simu ya kugusa, niliiwasha mwenyewe, ikadai email. Mama yangu mtu mzima wa Makuyuni, maisha yake ni jembe na kuku, email ya nini? Nikaweka ya kwangu, ikakubali, nikajiona mjanja. Kumbe tangu siku ile kila picha iliyopigwa kwenye simu ya mama ilikuwa inakwenda kujirundika kwenye email yangu, tena kwa bando ninalomwekea mimi mwenyewe.

Na mama hapigi picha. Mama anabonyeza. Anatafuta tochi, anafungua kamera. Anataka kujua kama simu imejaa chaji, anajipiga kidevu. Picha ziliposhuka pale dukani, ya kwanza ilikuwa tundu za pua. Ya pili, unyayo. Ya tatu, kuku amegeuza mgongo. Tejal alishika kioo cha meza kwa kucheka, na mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

“Huyu ni mama?” akauliza.

“Ndiye. Endelea, tuone.”

Ikaja dari. Dari nyeupe, na taa yake ya duara katikati. Nikamwonyesha Tejal kwa majivuno, maana dari ile ni jasho langu. Nyumba ile nimeijenga kwa kuuza wali kando ya barabara: matofali ya kuchoma, bati la rangi, marumaru chumbani kwa mama. Mdogo wangu Mwinjuma na mkewe Shida wanakaa nyumba ya zamani, ua huo huo, na kazi yao ni moja tu, kumwangalia mama. Picha za dari zilikuwa nyingi. Bila shaka alikuwa akilala chali na simu mkononi.

Kisha ikaja picha ya Shida. Wifi yangu, ameinama, amebeba godoro la mama kichwani, anatoka nalo mlangoni.

“Wanaanika,” akasema Tejal.

“Labda.”

Baada ya hiyo, dari haikuonekana tena. Picha iliyofuata ilikuwa nyasi. Paa la nyasi, jeusi kwa moshi, na utando wa buibui unaning’inia. Nikaijua mara moja, hata bila kufikiri. Lile ni jiko la zamani la mama, kile kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, ambacho nilishasema kibomolewe. Tejal akasogeza. Nyasi. Akasogeza. Mafiga matatu na sufuria. Akasogeza. Ukuta wa udongo una ufa, na kwenye mti wa ukutani limetundikwa blanketi la picha ya chui, lile lile nililompelekea mama wakati wa baridi.

“Labda alikuwa anapika,” Tejal akasema kwa sauti ndogo.

“Mtu anapika amelala?”

Maana picha zile zilipigwa na mtu aliyelala. Nyasi, nyasi, nyasi, na pembeni kona ya godoro. Nyingine zilikuwa uso wa mama wenyewe, karibu kabisa, macho yamekodolea simu na nyuma yake moshi. Sikuwahi kumwona mama na macho ya namna ile. Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, na Tejal akaniletea maji ambayo sikuyanywa.

Mama yangu ametolewa ndani. Katika nyumba niliyomjengea mimi, wamemtoa, wamemlaza jikoni na kuku. Nilikuwa nasikia tu habari za namna hii kwa watu wengine, nikisema hao hawana ndugu. Na mara ya mwisho nilipompigia Mwinjuma alinijibu kwa mdomo mtamu, “Mama mzima, dada, hana shida yoyote.”

Nikamuuliza Tejal kama simu mpya imeiva. Akasema bado mambo ya kumalizia. Nikamwambia atamalizia siku nyingine. Nikatia simu zote mbili kwenye pochi, nikatoka nje, nikapanda bodaboda ya kwanza niliyoiona, ya kwenda Makuyuni, umbali ambao mtu mwenye akili zake hapandi bodaboda. Njia nzima nilikuwa natunga matusi. Nilikuwa nimepanga hata nani atoke kwanza na vyombo vyake, Shida au Mwinjuma.

Shida alikuwa uani anapeta mahindi. Aliponiona akaweka ungo chini, akapiga goti kidogo kama kawaida yake.

“Karibu wifi! Shikamoo.”

Sikuitikia. Muulize mtu yeyote anayenijua, sijawahi kuinyima shikamoo ya mtu marahaba yake, lakini siku ile niliinyima.

“Mama yuko wapi?”

“Yupo jikoni.”

“Jikoni! Hata aibu huna, unanitajia mwenyewe! Godoro la mama yangu ulilibeba ukalipeleka wapi, Shida? Na ndani mmempangisha nani?”

Mwinjuma akatoka nyuma ya nyumba na panga mkononi, alikuwa anakata majani ya mbuzi, na mimi hasira ilikuwa imenipanda kiasi kwamba hata lile panga sikuliogopa. Nikamwekea picha usoni. Nyasi. Godoro. Blanketi la chui. Nikamwita mwizi, nikamwita mla mama, nikasema na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Majirani wawili wakasimama kwenye uzio wa minyaa, hawakujali hata kujificha.

Mwinjuma alisubiri nikaishiwa pumzi.

“Dada, ingia kwanza chumbani kwa mama,” akasema. “Ingia na simu yako.”

“Ya nini?”

“We ingia tu.”

Nikaingia nikitarajia kukuta mpangaji. Chumba kilikuwa kimefagiwa, marumaru zinang’aa, kitanda cha mbao kimesimama bila godoro. Hakuna mtu, hakuna mzigo wa mtu. Mwinjuma akabaki mlangoni.

“Sasa mpigie mtu yeyote.”

Nikatoa ile ya zamani, ambayo laini yangu bado ilikuwa ndani yake. Pale juu panapokaa vile vijiti vya mtandao palikuwa patupu. Nikasogea dirishani. Patupu. Nikarudi sebuleni, nikainua simu juu kama ninayetundika nguo, patupu.

“Tangu tuezeke hili bati simu humu haishiki,” Mwinjuma akasema. “Ukija unashinda uani, ndiyo maana hujui. Mahali panaposhika vizuri ni uani pale kwenye mwembe mdogo na jikoni kwa mama. Uani kuna jua na mvua. Akachagua jikoni.”

“Akachagua kufanya nini?”

“Kukaa na simu, dada. Tulimkatalia sana. Siku moja tukamkuta analikokota godoro mwenyewe, ndipo Shida akamnyang’anya akambebea. Nilitaka kukwambia. Akaniapisha nisikwambie, akasema utajisikia vibaya.”

Nilisimama sebuleni mwangu, kwenye nyumba yangu nzuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya ubaya. Hili sikuwa nimejiandaa nalo hata chembe. Nikatoka bila kumwangalia Shida, nikainama kwenye mlango wa jiko.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha kamba. Simu ilikuwa mapajani, juu ya kanga, kioo kikiangalia juu. Zile kelele zangu zote alikuwa amezisikia, maana jiko lenyewe ni hatua chache kutoka uani.

“Umewatukana wenzio bure,” akasema. “Na mimi hata shikamoo?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekula?”

Nikakaa kwenye kigoda. Moshi ukaniingia machoni, na machozi mengine hayakuwa ya moshi. Nikamuuliza kwa nini. Sauti yangu niliyotoka nayo Korogwe ilikuwa imekwisha, nikauliza kama mtoto.

Akanishangaa, kwa kuwa kwake jambo lilikuwa dogo. “Si siku ile ulinipigia ukasema umehangaika tangu asubuhi, simu yangu haipatikani? Ukasema una kazi nyingi, huwezi kushinda unapiga tu. Nikasema mwanangu ana haki. Basi nikaja kukaa panaposhika, ili ukipiga unikute.”

Siku ile naikumbuka. Ilikuwa kabla ya mvua za vuli, na sasa mahindi yalikuwa yamevunwa. Baada ya siku ile nilimpigia mara moja, labda mbili, na zote nilikuwa nageuza chapati, nikamwambia nitakupigia baadaye. Habari zake nilizichukua kwa Mwinjuma, ndiyo rahisi. Mama hakuyasema hayo. Alikuwa anachochea moto kwa kijiti, na mkono wa pili umeshika simu isidondoke.

“Ulikuwa unabonyeza bonyeza, mama,” nikasema. “Umejaza picha.”

“Kumbe? Mimi huwa naiangalia tu kama haijazimika.”

Nikakumbuka yale macho yaliyokodolea, picha baada ya picha. Mlangoni Shida alikuwa amesimama na Mwinjuma nyuma yake. Nilitaka kuwaomba radhi hapo hapo, nikaanza na mama.

“Basi twende ndani, mama,” nikasema. “Mwinjuma atalibeba godoro. Mimi si nimekuja mwenyewe? Nipo hapa.”

Akanipapasa goti, bila ubaya wowote.

“Leo upo,” akasema. “Ukishaondoka?”

Nikafungua mdomo nimwahidi. Nikamwona Mwinjuma anaangalia chini, nikaufunga. Nikamwomba wifi yangu mkeka, tafadhali, akauleta, nikautandika humo humo jikoni, ubavuni mwa kitanda cha mama.