Begi Moja, Ukoo Mzima

"Hiyo haingii, nakwambia."

"Itaingia. Kila kitu huingia ukikikalia."

"Usikalie! Mamdogo, usilikalie begi langu!"

"Mtoto gani huyu wa kupigia watu makelele? Nimeshakaa. Vuta zipu."

Zaki hakuvuta zipu. Alisimama katikati ya sebule ya ami yake, miguu mitupu, jicho moja bado lina usingizi, anamtazama mamdogo Mahfudha, mke wa ami, mwanamke mwenye mwili wake na roho nyeupe, amelikalia begi kama mtu anayetaka kukuna nazi.

Kosa la Zaki ni kulala. Alipanda basi Dallas usiku, akaingia Houston asubuhi, na ndege yake ya kwenda Lisbon ilikuwa jioni ya siku hiyo hiyo. Mamdogo akamjaza mahamri na chai ya maziwa, akamwambia jinyooshe kidogo mwanangu, tazama macho yako yalivyo mekundu. Akajinyoosha kwenye kochi. Alipoamka, begi lilikuwa limefunguliwa, limemwagwa na kujazwa upya, na ndani hakuna hata soksi yake moja. Viatu vyake vya kutembelea viko juu ya mashine ya kufulia. Koti lake la mvua limetundikwa kabatini, kama la mtu aliyekuja kuhamia.

Akachomoa kitu cha kwanza kilichotokeza. Chuma cha chapati. Cheusi, kizito, mkono umefungwa gazeti.

"Hiki nini?"

"Cha Tasnim wa Hamburg. Kule hawavipati vya hivi."

"Hamburg siendi."

"Utapita."

"Hamburg haiko njiani, mamdogo! Mimi naenda Lisbon, naenda Seville, Marseille, Genoa, halafu Vienna, halafu narudi. Hamburg iko wapi hapo?"

"Si Ulaya hiyo hiyo?"

Akachomoa tena. Makopo ya vitamini. Suruali za jinzi, za mtu mnene. Dira mbili, magauni ya kike, kwenye mfuko wa nailoni. Manukato. Viatu vya mtoto vinavyowaka taa kisiginoni, na vilipoanguka sakafuni vikawaka kweli, vyekundu, vyekundu, na Zaki akatamani kuvikanyaga.

Wala hakuwa mgeni wa mambo haya. Kwao, tangu Mombasa, ukisema unasafiri umeshajifanya gari la mizigo. Hakuna aliyewahi kutoka nyumbani na vyake tu. Hata mtu anayekwenda kuzika hubebeshwa achari. Ndiyo maana Zaki alifunga mdomo. Hakumwambia mtu ila mamake, na mamake naye aliapa hakumwambia mtu, ila Mahfudha. Basi. Ilitosha. Ijumaa ile ile Arlington nzima, mji wao kando ya Dallas, walijua, na Houston wakaanza kuleta mifuko.

Na hii safari ameihangaikia! Misimu miwili ya baridi, kule ghalani Mesquite anakopakia maboksi kwenye malori, wenzake wakila mchana wanacheka, yeye amejifungia kwenye gari na kitabu cha maktaba, anasoma treni gani inatoka wapi inafika wapi. Mtu aliyeacha shule kwa sababu hakuweza kukaa kitako mbele ya mwalimu, leo anajua majina ya stesheni kama anavyojua majina ya ndugu zake. Ramani aliibandika ukutani juu ya kitanda. Alinunua begi la mgongoni duka la vitu vya jeshi, akalitia chupa za maji lipate uzito, akaenda nalo kwa miguu barabara kubwa ya Arlington, jua la Texas linachemsha lami, ili mabega yazoee. Arlington hakuna anayetembea. Kila gari linasimama. "Zaki! Gari limekufa?" "Zaki, ingia nikupeleke!" "Mwana wa Mwadini, mamako amekufukuza?" Kabla hajafika nyumbani simu zilishapigwa, na mamake yuko mlangoni analia.

Hilo ndilo alilokuwa analikimbia, kama mtu angemuuliza. Hakuna aliyemuuliza. Majumba ya makumbusho hayamshughulishi, na picha ya mnara hana haja nayo. Alitaka ashuke kwenye treni mji asioujua, asimame pale na begi lake, na katika watu wote wale asiwepo hata mmoja wa kumwambia wewe mwana wa nani. Mwezi mmoja. Chumbani kwake Arlington wanalala watatu. Msikitini yeye ni mwana wa Mwadini, dukani mwana wa Mwadini, na Mwadini mwenyewe yuko kaburini siku nyingi. Mwezi mmoja tu awe si wa mtu.

"Ondoka juu ya begi, mamdogo. Nakuomba."

"Ngoja ami yako aje."

Ami Aboud akaja. Alikuwa dereva wa teksi, mtu mfupi, mwenye kofia ya kiua na tumbo la usukani, na kila alipoingia nyumbani alirusha funguo mezani kama hakimu anayegonga nyundo. Akazirusha.

"Sauti yako naisikia tangu kwenye ngazi. Nyumba hii imekuwa soko?"

"Ami, nipe pasipoti yangu."

"Salamu kwanza."

"Asalaam aleikum. Nipe pasipoti yangu."

Pasipoti ilikuwa kwake kwa sababu ya upumbavu wa Zaki mwenyewe. Visa iliombwa Houston, maana huko ndiko ofisi ya ubalozi iliko, na Zaki alishuka mwenyewe akahojiwa, akaambiwa arudi kuichukua. Bosi wa ghala akamkatalia ruhusa ya pili. Ami Aboud akasema, mwanangu, andika karatasi kuwa umenituma, mimi nikipeleka abiria huko nitakuchukulia, kwani mimi nani wako? Zaki akashukuru. Akambusu mkono, kabisa. Sasa ile pasipoti ilikuwa mfuko wa shati, juu ya moyo, inaonekana ukingo wake, na ami anaigusagusa kwa kidole.

"Utaipata," akasema. "Nikikupeleka kiwanja cha ndege, pale mlangoni, nitakupa mkononi. Lakini kwanza tuelewane Rotterdam."

"Rotterdam nini?"

Mahfudha akainuka juu ya begi. Akaanza kukunja gazeti ambalo halikuwa na haja ya kukunjwa.

"Hukumwambia?" ami akamuuliza.

"Nilidhani utamwambia wewe."

"Kuniambia nini?"

"Kuna watu wetu Rotterdam," ami akasema. "Watu wa dini, watu wa heshima. Wana binti, Jannat. Kasoma. Utakaa kwao, utamuona, ataku-"

"Nani kakutuma?"

"Usinikate kauli."

"Nani kakutuma, ami? Mimi nilikwambia nataka mke?"

"Babako kaniachia amana! Wataka kwenda Ulaya kuzunguka peke yako kama mbwa aliyepotea, na begi mgongoni, unalala na wazungu vitanda vya ngazi. Watu wataniuliza mimi: mtoto wa nduguyo yuko wapi? Nitawajibu nini? Anatembea? Anatembea kwenda wapi? Ana nini? Basi nimeipa safari yako maana. Neno nimeshalipeleka. Wanakungoja."

Zaki aliijua maana yake. Neno likishakwenda, basi. Kijana akila chakula cha nyumba ile na kuondoka kimya, binti ndiye atakayenuka. Watu watasema kaonwa, kakataliwa. Na asipokwenda kabisa ni vile vile. Wamemfunga kamba, wamemfunga na huyo msichana asiyemjua, na wote wawili hawakuulizwa.

"Umewaambia mimi ni nani?"

"Nimewaambia mwana wa Mwadini."

"Nafanya kazi gani?"

Ami akatazama dirisha.

"Ami! Nafanya kazi gani?"

"Injinia," akasema mamdogo, polepole. "Wa mafuta."

Zaki akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri, na Mahfudha alirudi nyuma hatua.

"Mimi nabeba maboksi Mesquite! Shule niliacha, mnajua niliacha, mlinisema mpaka mkachoka! Leo mnanivisha uinjinia mniuze Rotterdam?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Namba yao iko wapi?"

Namba ilikuwa ukutani, kando ya simu, kwa mwandiko wa Mahfudha, na kadi ya kupigia ng'ambo imechomekwa hapo hapo. Ami alipogutuka Zaki alishabonyeza. Houston ilikuwa mchana, Rotterdam ni jioni. Ikaita. Ami akaja na mkono umenyooshwa, Zaki akamgeuzia mgongo, waya wa simu ukamzunguka kiunoni.

"Haloo?" Sauti ya kike, ya haraka.

"Nataka Jannat."

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Zaki. Wa Texas."

"Ndiye wewe injinia?"

"Mimi si injinia. Napakia malori. Shule sikumaliza. Visima vya mafuta naviona kwenye televisheni."

"Alhamdulillahi," akasema yule msichana.

"Nini?"

"Nimesema alhamdulillahi. Hapa sipumui! Injinia anakuja, injinia anakuja. Mamangu ameshakodi viti. Viti, unanisikia? Mjombangu anatoka Brussels. Nina mitihani mimi, nimefungwa jikoni nafundishwa sambusa kama sijawahi kuziona. Unakuja au huji?"

"Siji. Hata sikujua kama nakuja."

"Basi usije. Na ukibadilisha moyo, pia usije."

"Watakusema."

"Watanisema mimi? Nitawaambia umepiga simu umelewa. Watakusema wewe mpaka mwakani. Kuna ubaya?"

Zaki akafikiri kidogo. "Hakuna ubaya."

"Haya. Safiri salama, mbeba maboksi." Akakata.

Zaki akajizongoa kwenye waya, akaiweka simu mahali pake. Ami Aboud alikuwa amekaa kwenye kochi, kofia imepanda kisogoni. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Umenivua nguo," akasema. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko makelele. "Mbele ya watu ambao mimi nawapigia simu kila Idi. Umenivua nguo."

"Wewe ulinivisha zisizo zangu."

"Ukitoka kwenye mlango huo sikupeleki kiwanja. Na pasipoti..."

Hakuimaliza. Mahfudha alikuwa ameshafika. Aliinama juu ya mumewe kama anayemtengeneza kola, akaichomoa pasipoti mfukoni kwa vidole viwili, akampa Zaki bila kumtazama yeyote.

"Mpe mtoto kitu chake, Aboud," akasema. "Ndege haimngoji mtu."

Ami aliinua mkono, akaushusha.

Zaki akapiga magoti akalimwaga begi. Kila kitu kikamwagika zuliani, makopo yakaviringika chini ya meza, viatu vya mtoto vikawaka tena. Akakusanya vyake: koti, begi la kulalia, soksi, kitabu. Hasira ilikuwa bado na njaa, maana ami amenyamaza, na kumpigia makelele mtu aliyenyamaza hakushibishi. Akavaa viatu vyake. Akafunga kamba kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Hakuaga kochini. Akatoka.

Nje, joto la Houston likamkaba kama taulo la maji moto. Kwenye maegesho hapana mtu. Kiwanja cha ndege kilikuwa mbali, barabara haina hata pa kutembelea kwa miguu, majani tu na mtaro. Hakujali. Mabega yalikuwa yameshazoeshwa.

"Zaki! Zaki, ngoja!"

Mahfudha alikuwa anashuka ngazi, mkono kwenye kiuno, mtandio umemwanguka shingoni. Amebeba kibahasha cha kaki, kidogo, kimekunjwa vizuri.

"Wewe huna makosa," akasema, anahema. "Nimemwambia Aboud zamani, muache mtoto. Na zile takataka zote ni za watu, mimi sikutia langu hata moja. Unajua? Hata moja."

"Najua, mamdogo." Na alikuwa anajua. Moyo ukamlegea kidogo, hakupenda, lakini ukamlegea.

"Basi hiki kimoja tu. Ni leso, jozi moja, haina uzito. Dadangu yuko Marseille. Wewe si ulisema Marseille iko njiani kwako? Umeisema mwenyewe. Sijamuona tangu niolewe."

Zaki akakipokea. Kweli hakikuwa na uzito. Kingeingia mfuko wa koti, na Marseille ilikuwa njiani, na huyu ndiye aliyemtolea pasipoti. Akakishika, jasho linamtiririka machoni.

"Nimpe tu niondoke?"

"Umpe tu uondoke."

"Anajua kama nakuja?"

Mahfudha akafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Anajua kidogo," akasema. "Nimemwambia Jumanne. Asifanye makubwa, nimemwambia, apike biriani tu, aite jirani zake wachache waliomjua Mwadini."

Zaki akamtazama. Akasogea kwenye teksi ya ami, akakiweka kibahasha juu ya boneti, pole pole, akakinyoosha kisianguke.

"Zaki. Ni leso tu, mwanangu. Zaki!"

Akalivuta begi likakaa sawa mabegani, akageuka, akaenda zake.