Kamba ya Mbuzi

Miaka yake yote ya reli, Papa Onésime aliendesha treni ya Kabalo akiwa na msaidizi aliyezungumza bila kukoma. Alipostaafu alitengeneza mashua ndogo ya tanga, akatangaza kwamba ataiendesha peke yake. Mkewe, Générose, hakupinga. Aliweka sharti.

“Utajifunga kwenye mashua. Na ukirudi umelowa, safari zimeisha. Nitalowekea humo mihogo.”

“Mama Jordan, nitarudi mukavu kama ndagala.”

Générose alimfunga mwenyewe, kiunoni, kwa kamba ya mbuzi. Ncha ya pili akaifunga chini ya mlingoti. Fundo lilikuwa zuri. Kamba ilikuwa ndefu, kwa sababu mbuzi lazima afikie majani.

“Mbuzi yangu haijapotea hata siku moja,” alisema.

Onésime aliingia ziwani, akakaza usukani kwa uzi ili mashua iende moja kwa moja, akaketi ukingoni, upande wa upepo, akafurahia kimya. Wimbi moja lilitosha. Alianguka kinyumenyume.

Fundo lilishika. Mashua, ambayo haikuwa imeambiwa lolote, iliendelea na safari. Onésime aliburutwa nyuma yake, akinywa maji kila alipotaka kuita. Alijaribu kujivuta, lakini mwendo ulishinda mikono yake.

Ufukweni, jirani yao Chantal aliacha kuanika ndagala, dagaa wa ziwa. “Mama Jordan, kuja uone! Mashua imevua dereva!”

“Inamupeleka wapi?”

“Umuulize yeye. Ule kule, nyuma.”

Kilichomwokoa ni uzito wake. Kamba ilipita juu ya ukingo ule ule alioangukia, na mwili wake ukaivuta mashua upande huo, kidogo kidogo, mpaka ikaelekea upepo. Tanga likapigapiga bila nguvu. Mashua ikasimama. Akajivuta, akapanda, akarudi pwani akichuruzika maji.

“Mihogo,” alisema Générose.

“Na kamba, nani aliipima?”

Générose alikuwa mtu wa haki. Alimketisha tena ndani ya mashua, sasa ikiwa mchangani, akaifupisha kamba, na yeye na Chantal wakamsukuma kila upande. Chantal alisukuma kwa furaha isiyohitajika. Onésime aliinama, akaning'inia, akatukana kwa Kifaransa, lakini hakuvuka ukingo.

“Sasa ni hivi,” alisema Générose. “Kamba ikuzuie kuanguka. Kukufuata ukishaanguka, hiyo haina kazi. Mihogo itangoja.”

Kesho yake aliondoka tena. Mbali na pwani njaa ilimshika, akagundua kwamba kamba mpya inamfikisha kwenye usukani, kwenye tanga na kwenye ndoo ya kutolea maji. Kwenye bukari, ugali wake, na samaki, ambavyo Générose alivipanga mbele kabisa, haimfikishi.

Alilitazama fundo kwa muda. Kisha akageuza mashua, akaenda kula nyumbani, mkavu.