Rili ya Kumfaa Delmar

Kidole gumba cha mkono wa kushoto wa Delmar Zastrow kilianza kumgomea mwezi wa Julai, na kufikia mwisho wa Septemba mkono mzima ulikuwa umejiunga na mgomo. Akishika kikombe, kinamponyoka. Akifunga vifungo vya shati, kahawa inapoa akiwa kwenye cha tatu. Hayo angeyavumilia. Lililomkosesha usingizi ni rili, ile mashine ya kukusanyia mshipi inayokaa juu ya fimbo ya kuvulia. Yake ilikuwa ya zamani, duara, chuma kitupu, na mkono wa kushoto ndio uliotakiwa kuikumbatia huku wa kulia ukizungusha. Akirusha mara ishirini, viungo vinawaka moto. Na maski, yule samaki mkubwa mwindaji wa maziwa ya baridi, si wa kurushiwa mara ishirini. Maski unamrushia kutwa nzima, wiki, mwezi, chambo kizito kama kiatu, na siku akijisikia ndiyo anakifuata mpaka ubavuni mwa boti, anakutazama kwa dharau, kisha anazama zake.

Bila maski, Delmar hakuwa na kitu. Tuseme ukweli tu. Alikuwa na miaka sabini na mbili, kiwanda cha karatasi kilishampa saa ya ukutani na kumwambia kwaheri, watoto hakujaliwa, na mkewe Bernadine alikuwa na miaka tisa kaburini. Nyumbani kulibaki televisheni na friji inayonguruma. Mkono ukikataa kabisa itabidi auze boti, na akiuza boti atakaa na friji mpaka afe. Hilo lilimtisha kweli kweli, na hakuwa na wa kumwambia.

Basi Jumanne moja akaingia dukani kwa Arlys Kinnunen.

Arlys alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mpana wa mabega, aliyerithi duka la zana za uvuvi kwa baba yake. Kila anayevua maski upande ule hupita pale kununua chambo na kusema uongo. Uongo wenyewe ni desturi, haumkeri mtu. Ukimpata samaki mashariki ya ziwa, unasema magharibi. Ukiulizwa leo vipi, hujaona hata gamba. Na kwenda kuvua mahali pa mwenzio ni sawa na kuingia chumbani kwake bila hodi.

"Umekuja kununua au kunipotezea muda?" Arlys aliuliza.

"Muda wako una kazi gani?"

"Haya, keti. Mkono unaendeleaje?"

"Mkono gani?"

"Huo unaouficha mfukoni, mzee. Unadhani hatuoni?"

Delmar akautoa, akautazama kama vile ni wa mtu mwingine. Arlys hakusema neno la huruma, jambo ambalo Delmar alimshukuru kimoyomoyo. Akapanga rili sita juu ya kaunta. Delmar akazizungusha moja moja. Zote laini. Zote zilimkaa vizuri, hata ile kubwa ya rangi ya dhahabu.

"Hapo kaunta kila rili ni malaika," Arlys alisema. "Hakuna kazi inayofanya. Ifunge chambo cha mabati mawili, kile kinachovuta maji, uzungushe kuanzia asubuhi mpaka saa sita, halafu ndiyo uniambie. Hii kitu inachaguliwa majini. Mimi ninazo tatu za kwangu, kila moja na umbo lake. Tutoke siku moja uzijaribu."

"Kwa boti yako?"

"Yangu iko kwa fundi. Kwa yako."

Delmar akarudisha mkono mfukoni. Shida ilikuwa hapo. Nyuma ya kisiwa cha misonobari, upande wa kaskazini wa Ziwa Osterman, kulikuwa na mwamba uliozama futi saba chini ya maji, hauonekani mpaka upite juu yake. Yeye na Bernadine waliugundua miaka thelathini na moja iliyopita, wakaapa kutomwonyesha mtu. Kwenda huko alikuwa akizunguka ziwa kwanza, anasimama hapa, anajifanya kuvua pale, akihakikisha hafuatwi. Tangu afiwe hakuwahi kuona boti nyingine juu ya mwamba ule hata siku moja, na alijipongeza sana kwa ujanja wake. Sasa amwingize mtu kwenye boti, tena mwenye duka? Si angekuwa ametangaza redioni.

"Nitachukua hii," akasema, akishika ile ya dhahabu.

"Hiyo ni ya kasi, Delmar. Mzunguko mmoja inakusanya mshipi mwingi, na uzito wote unarudi kwenye kifundo. Kwa mkono huo?"

"Maski mkubwa anataka rili kubwa."

"Maski hatashika rili. Utashika wewe."

Akalipa, akaondoka nayo. Na hapo ndipo watu wa maski wanapokosea kila mwaka, hawakomi: wanamnunulia samaki rili, mkono wanausahau.

Alhamisi akaenda nayo mwambani. Kurusha mara kumi za kwanza alijiona kijana. Kufika ya arobaini, kifundo kilikuwa kikipiga kama jino bovu. Ilipogonga saa tano asubuhi vidole vilikuwa vimevimba, akaweka fimbo chini, akakaa. Akafungua mkate wake wa soseji kwa meno. Mbele, kwenye kiti alichokuwa akikaa Bernadine na wavu mapajani, palikuwa na koti la mvua tu. Bernadine ndiye aliyekuwa akishika wavu siku zote, na ndiye aliyekuwa akiongea. Delmar kazi yake ilikuwa kusema "mm". Sasa ilipita siku nzima bila kuwa na la kuitikia "mm". Alijaribu kuongea mwenyewe, akaona haya, akaacha. Upweke ulimkaba hasa, akabaki kuyatazama maji mpaka mkate ukakauka mkononi. Kurudi nyumbani aliendesha boti kwa kiwiko.

Kesho yake akawa tena kwenye kaunta.

"Imelowa?" Arlys aliuliza.

"Imelowa."

"Iliyolowa siipokei tena. Unajua."

"Najua." Delmar akaizungusha kofia mikononi. "Jumatatu si unafunga duka?"

"Ee."

"Basi zilete hizo tatu zako."

Jumatatu hiyo baridi ilikuwa imeanza kuuma na miti ya ufukweni imegeuka njano yote. Delmar alikuwa na mpango wake. Akampeleka Arlys kwenye ghuba ya kusini, mahali pa magugu pasipokuwa na samaki wa maana tangu enzi za baba zao. Arlys akatazama magugu, akamtazama Delmar, akacheka chini chini. Wakaanza kurusha.

Rili ya kwanza ilikuwa duara, ngumu, ya kudumu milele, lakini ubavu wake ulimchoma kiganjani. Akairudisha baada ya nusu saa. Ya pili ilikuwa nyepesi, ila ilianza kulia ndani ilipovuta chambo cha mabati. "Hiyo haimalizi miaka miwili," Arlys alisema. "Raha ya mwaka mmoja, kisha meno yanasagika." Ya tatu ilikuwa fupi, imelala juu ya fimbo, ya taratibu, na mpini wake mrefu una vishikio vya mpira vinene kama limau. Arlys alikuwa nayo mwaka wa kumi na mbili. Rangi ilishatoka. Delmar akarusha, akazungusha. Akarusha tena. Kiganja kikaifunika yote, na kidole gumba kikapata pa kupumzika.

"Mm," akasema.

"Mm nini?"

"Naisikiliza kwanza."

Akarusha mara sitini, mkono umetulia. Wakati huo Arlys alikuwa akisema tu: fundi wa boti ni mwizi, mkwe wake hajui kuchemsha viazi, kahawa ya Delmar ingefaa kutengenezea barabara. Delmar akaitikia "mm" kila panapostahili. Akajishtukia anatabasamu.

Kisha upepo mkali ukaamka. Mawimbi yakaanza kuipiga ghuba, boti ikawa inacheza ovyo. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kujikinga: nyuma ya kisiwa cha misonobari. Delmar angeweza kusema basi, turudi, rili nimeshaipata. Maneno yalifika mdomoni. Akilini akaona gati, akaona pikapu, akaona mlango wa jikoni na friji nyuma yake. Akawasha injini, akaelekea kisiwani.

"Hapa hakuna kitu," akasema walipofika, bila kuulizwa. "Tunajikinga upepo tu."

"Sawa," Arlys alisema. Akasimama upande wa mbele, akachukua fimbo yake, akatupa chambo upande wa kushoto, mbali, pale pale penye ukingo wa mwamba. Akahesabu hadi tatu kimya kimya ndipo akaanza kuzungusha. Watu wanaopajua hungoja tatu, chambo kizame kwanza.

Delmar akamgeukia.

"Umejuaje?"

"Kujua nini?"

"Arlys. Umejuaje jiwe?"

Arlys alichora nane majini kwa ncha ya fimbo, kama inavyotakiwa chambo kikifika botini, akakitoa, akaketi. "Delmar, kila mtu anapajua hapa. Baba yangu alikuwa anapavua."

"Uongo."

"Bernadine alipokuwa hai tulikuwa tunapita, mkiwa hampo. Halafu akafariki. Siku ile baada ya mazishi tulikuwa dukani, kama watu kumi na tano. Harlan Pribyl, yule fundi wa mabomba, ndiye aliyesema: jamani, lile jiwe tumwachie Zastrow, hana kingine. Tukakubaliana. Hakuna aliyeligusa tena."

Delmar alitazama maji. Miaka tisa. Asubuhi zote zile akizunguka ziwa kumkwepa mtu asiyekuwepo. Mara ngapi alisikia injini ikija upande huu, akainama kama mwizi, kisha ikageuza, naye akasema moyoni, nimewaweza.

"Mngekuja," akasema. "Hata mmoja."

"Tulidhani unataka uwe peke yako."

"Nilitaka."

"Na sasa je?"

Delmar aliikamata ile rili iliyotoka rangi, akarusha, akazungusha mpaka mwisho. Walipofika gatini Arlys alimwambia ana mpya ya aina hiyo hiyo dukani, na ile ya dhahabu atamtafutia mjinga wa kuinunua.

Jumamosi Delmar alikwenda moja kwa moja mwambani, bila kuzunguka. Rili mpya ilikaa kiganjani vizuri kabisa. Alirusha tangu saa mbili, akarusha mpaka saa nne, mkono haukulalamika, na hapakuwa na samaki aliyejitokeza hata kwa dharau. Boti yake haikuwa na sababu tena ya kuuzwa. Angeweza kuja hapa miaka mingine kumi, peke yake, bila maumivu. Alipolifikiria hilo akahisi baridi iliyopita ile ya hewani.

Saa tano kasoro akasikia injini. Boti ya kijani ilitokea kwenye pembe ya kisiwa, Harlan Pribyl akiwa amesimama nyuma, amejifunga skafu hadi puani. Alipomwona Delmar akapunguza mwendo, akainua mkono kwa adabu, kama majirani wanavyosalimiana juu ya uzio, kisha akaanza kugeuza usukani aondoke zake.

Delmar akasimama. Hakujua mtu huitaje boti nyingine. Hakuwahi kuita hata moja. Akavua kofia, akaipunga. Harlan akapunga naye, akaendelea kugeuza. Alidhani ni salamu.

Maji chini ya Delmar yalikuwa matupu, hakuna kilichotikisika tangu asubuhi.

"Harlan!" akapaza sauti yote aliyokuwa nayo. "Yupo hapa! Mkubwa! Njoo na wavu!"

Injini ya Harlan ikashusha mlio, na boti ya kijani ikaanza kuja.