Vichupa vya Ghalani

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nafungua dirisha la ghala la silaha, na kabla ya kulifungua nasali sala moja, ile ile, kwamba kila bastola nitakayoitoa irudi jioni na risasi zake zote. Mimi ni sajini, mtunza ghala wa kituo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Askari anakuja dirishani, ananipa kibati chake chenye namba, nakitundika kwenye msumari ilipokuwa bastola yake, anatia saini, anakwenda zake. Kati ya kibati na saini, kanuni inanitaka nifanye jambo moja zaidi: nimtazame usoni. Nikiona hayuko sawa, nina haki ya kumnyima silaha, na hata mkuu wa kituo hawezi kunilazimisha mpaka aandike na kuweka jina lake. Haki hiyo nilikuwa nimeitumia mara mbili tu, na wote wawili walikuwa wananuka pombe.

Mdogo wangu hajawahi kuonja pombe. Labda ndiyo sababu nilimtazama mwaka mzima nisimwone.

Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka tisa na mimi ishirini na miwili. Nilimwogesha, nikampigia pasi sare za shule, nikamfundisha kupiga magoti kabla ya kulala. Siku ya usaili wa polisi nilikaa nje ya ukumbi kutwa nzima kana kwamba ni mimi ninayepimwa. Alipita, akapangiwa kituo changu, na wenzake wakambatiza jina la Kifua, kwa kumcheka, maana alikuwa mwembamba kama mpini wa fagio.

Kisha ikatokea ile fujo ya sokoni. Vijana walimbwaga chini, wakamvua kofia na kiatu kimoja, na mtu akapiga video. Kituo kizima kiliiona, na nadhani mji mzima. Askari wenzake walimuuliza kwa wiki nzima kama kiatu kilichobaki kinauzwa. Yeye alicheka nao. Mwezi uliofuata akaanza kwenda jimu, na baada ya mwaka jina lake halikuwa mzaha tena. Kola za shati hazikufungika. Mkono wake ulipopita kwenye dirisha langu ulijaza nafasi yote. Wengine watatu wa zamu yake walivimba vivyo hivyo, na mkuu wa kituo akawapanga mstari wa mbele kwenye gwaride, akasema sasa kituo kimepata sura.

Wifi yangu ndiye aliyekuja kunieleza, Jumapili moja baada ya ibada. Alisema mume wake halali, anatoka jasho mpaka shuka linakamuliwa, na mgongo umejaa chunusi kama wa mwanafunzi wa sekondari. Mboga ilipungua chumvi, akang'oa mlango wa kabati. Ndani ya soksi zake alikuta sindano, na alipouliza akaambiwa ni vitamini.

"Wifi, mimi niliolewa na mtu," akaniambia. "Sasa nalala na mfuko wa saruji, tena wenye hasira."

Tulicheka wote wawili, kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu. Alisema akiziona tena ndani ya nyumba yake atazitupa chooni. Nikamwahidi kwamba nitaomba, na niliomba kweli, kwa kufunga pia. Lakini mdogo wangu sikumuuliza neno. Nilimwomba Mungu jambo ambalo nilipaswa kumuuliza mtu, kwa sababu Mungu hangenijibu papo hapo.

Hapa inanibidi nieleze habari za vichupa, maana kosa ni langu pia. Mafuta ya silaha huletwa kwetu kwenye debe kubwa. Zamani kila askari alichota kwa kikopo, nusu yakaishia sakafuni. Mimi ndiye niliyebuni njia nyingine. Nilikwenda zahanati ya kituo nikaomba vichupa vitupu vya dawa, vile vya kioo vyenye kizibo cha mpira. Nikaviosha kwa maji ya moto, nikavijaza mafuta, nikampa kila askari kimoja pamoja na bomba la sindano lenye ncha butu, la kudondoshea mafuta kwenye matundu membamba. Kila mmoja ana kopo lake la bati lenye kichupa, bomba, brashi na kitambaa, na makopo yote yanakaa ghalani kwenye rafu. Mkaguzi aliyepita mwaka jana alinisifu mbele za watu, nikaenda nyumbani nimevimba kichwa. Sikufikiri kwamba nimetengeneza mahali pekee mjini ambapo kichupa na sindano havimshtui mtu yeyote.

Wiki tatu zilizopita mdogo wangu alipelekwa mafunzoni kwa siku nne. Bastola yake ilibaki ghalani na vumbi lake, nikaona nimsafishie. Nikashusha kopo lake. Kichupa kilikuwa kimejaa, mafuta yana unjano kidogo kuliko ya debe, nikadhani ni kwa sababu tulikuwa tumefungua debe jipya. Nilikuwa na mafua, pua zimeziba, sikunusa kitu. Nilipaka kwenye reli, na kwa kuwa pini ya kupigia risasi ilikuwa nzito kidogo, nikaongeza matone matatu kwenye tundu lake. Nikaifuta, nikairudisha kwenye msumari wake, nikaridhika.

Jumatano hii, saa nne asubuhi, alikuwa kwenye kizuizi cha barabarani pamoja na konstebo mwenzake. Walisimamisha pikapu iliyobeba magodoro. Konstebo ndiye aliyenisimulia, baadaye, akiwa amekaa juu ya sanduku la risasi. Alisema dereva alikuwa na maneno mengi lakini hakuwa na ubaya wala silaha yoyote. Alitoa leseni, akamtazama Kifua mara mbili, akasema kwa mshangao tu, "Kumbe ni wewe yule wa kiatu." Kabla hajamaliza kucheka, bastola ilikuwa kwenye paji la uso wake. Kifua akavuta. Pini ikagonga kwa uvivu, risasi haikutoka. Akavuta tena. Hapo konstebo akamrukia, wakaanguka wote wawili juu ya magodoro.

Ripoti haikuandikwa hivyo. Iliandikwa kwamba dereva alishika spana na kwamba silaha ya askari iligoma akijihami. Dereva akawekwa mahabusu. Alasiri mkuu wa kituo akaniita ofisini. Hakunikaribisha kiti. Alisema bastola yangu ilikuwa karibu imuulie askari wake, na kwamba anataka maelezo ya maandishi mezani kwake saa mbili asubuhi, kwa nini ilikataa kufanya kazi. Askari huyo, akaongeza, kesho apewe bastola nyingine ya akiba. Nilisimama nikisubiri aulize swali la pili, kwa nini ilivutwa. Akainama kwenye simu yake.

Nilirudi ghalani nikafunga mlango kwa ndani, nikaifungua ile bastola juu ya kitambaa cheupe. Pini haikutoka kwa kutikisa. Niliisukuma kwa msumari, ikaja polepole na utando wa rangi ya chai, unanata kama gundi. Mafuta ya silaha hayagandi hivyo. Safari hii pua zangu zilikuwa nzima. Niliisogeza karibu, na harufu ikawa ya jikoni: ufuta. Nikashusha kopo lake, nikachoma kizibo, nikadondosha tone moja kidoleni. Ufuta tena, na nyuma yake harufu kali ya hospitali.

Nilikaa chini. Nilikumbuka soksi, tishio la wifi yangu, shingo, jasho, na kwamba dawa nyingine za sindano huchanganywa na mafuta ya ufuta. Alikuwa ameihamishia dawa yake kwangu, kwenye rafu yangu, ndani ya kichupa nilichokiosha kwa mikono yangu. Na mimi nikaichukua, nikaitia ndani ya bastola yake, na kwa sababu hiyo mtu wa magodoro yuko hai. Sikujua nishukuru au nitubu. Nilifanya vyote viwili, bila mpangilio.

Alikuja saa kumi na moja jioni, akasimama dirishani kama mtu wa zamu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na vyuma vya dirisha, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amesikia nimetakiwa kuandika. Akasema niandike pini imechoka. Pini huchoka kila siku, hakuna atakayeuliza, na nikiandika hivyo yeye na mimi tutakuwa salama.

"Yule dereva alikuwa na spana?" nikauliza.

"Alikuwa na mdomo."

"Ulivuta mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mwenzako anasema mbili."

Alitazama mkono wake wa kulia, akaugeuza kama kitu cha kuazima. "Ya pili sikuihisi," akasema. "Siku hizi hasira ikija mimi natoka, dada. Mwili unabaki wenyewe. Nikirudi nakuta watu wananitazama."

Nilimwambia aache zile sindano. Niliitaja kwa jina lake, dawa ya kujaza misuli, si vitamini, na nikaona ameshtuka kwamba najua. Nilimwambia tutakwenda hospitali pamoja, mimi na yeye na mke wake, kesho hiyo hiyo.

"Nikiacha napungua," akasema. "Nikipungua narudi kuwa yule wa kiatu. Nipe kopo langu."

Nilisema hapana. Mkono wake ukapita kwenye vyuma ukanikamata kifundo cha mkono, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwogopa mtoto niliyemlea. Mifupa ilisagana. Sikupiga kelele. Nilimwita jina lake la nyumbani, lile ambalo mama alimpa, mara moja tu. Macho yake yalichukua muda kurudi. Alipouona mkono wake ulipo, aliuachia kama chuma cha moto, akarudi nyuma, akaondoka akigonga bega kwenye ukuta wa korido.

Alama nne nyekundu zilibaki. Niliketi mezani na karatasi mbili. Kalamu ilinielemea. Nilijua nikiandika ukweli atavuliwa sare, pengine ashtakiwe, na mimi naweza kumwaga unga nikiwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, maana hakuna kanuni inayoruhusu vichupa vya zahanati ghalani. Nikiandika pini, kesho atapata bastola nzima, iliyopakwa mafuta halali, isiyogoma. Nilijaribu kuomba aepushwe na aibu, ulimi ukakataa. Niliomba tu mkono wangu usiandike uongo. Kisha nikaandika: kichupa, ufuta, kopo la nani, nani alikiosha, nani alidondosha, mara mbili alizovuta, na kwamba spana haikuwepo kwa mujibu wa aliyeshuhudia. Sentensi zangu zilikuwa fupi na mbaya. Nilitia saini.

Asubuhi nililifungua dirisha kama kawaida. Walikuwa kumi na mmoja kwenye mstari, yeye wa nne. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, kibati, uso, saini. Akafika. Kulikuwa na baridi, na paji lake la uso linamtiririka jasho. Akaweka kibati chake kwenye kizingiti cha dirisha bila kunitazama.

"Leo sikupi," nikasema.

"Mkuu amesema nipewe ya akiba."

"Aandike."

Mtu nyuma akanong'ona kwamba leo dada mtu ameamka na yake, na wawili wakacheka. Mishipa ya shingo yake ilisimama. Nilikuwa nimeuficha mkono wenye alama chini ya meza. Nikautoa nikauweka juu, karibu na kibati, aone. Aliutazama. Nilisikia bomba la bafuni likidondosha maji mwisho wa korido.

Alikiacha kibati pale pale, akaenda kukaa kwenye benchi la wageni, mikono katikati ya magoti.

Aliyefuata alikuwa mmoja wa wale watatu wa mstari wa mbele. Sikupokea kibati chake. Nilishusha kopo lake kutoka kwenye rafu mbele ya macho yake, nikatoa kichupa, nikachoma kizibo, nikanusa. Ufuta. Nikamwambia naye akakae. Alimtazama Kifua pale kwenye benchi, akaenda kukaa karibu naye. Nyuma yake mtu mmoja mwenye shingo nene aliondoka kwenye mstari kimya kimya kabla zamu yake haijafika, kibati kikiwa bado mkononi.

Nje gari la mkuu wa kituo lilisimama, mlango ukafungwa kwa kishindo. Alikuwa amewahi. Mdogo wangu aliinua kichwa, akanitazama vile alivyonitazama mlangoni mwa shule siku ya kwanza baada ya msiba wa mama, asijue kama namwacha au nitamsubiri.

"Usiondoke hapo," nikamwambia. "Nakuja."

Nililifunga dirisha mstari ukiwa bado umesimama, nikachukua karatasi zangu mbili na kopo lake la bati, na nikatoka koridoni. Buti za mkuu zilikuwa zinapanda ngazi. Nilisali ile sala yangu ya kila asubuhi, kwa mara ya pili siku hiyo, kichupa kikigonga bati kwa kila hatua niliyopiga kwenda kumkabili.